Umekatwa pesa kwenye kadi na hukununua kitu: pesa ilipitia mlango gani?

Ujumbe umeingia saa nane usiku. Umekatwa kiasi fulani, jina la duka hulijui, kadi iko kwenye pochi na pochi iko chini ya mto. Kabla ya kuwaza lolote, fungua programu ya benki uizuie kadi kwa muda. Ni kitufe kimoja, na asubuhi ukigundua kwamba ulikuwa ni usajili wako mwenyewe uliousahau, unaifungua kwa kitufe hicho hicho. Kama huna programu, piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Usipige iliyokuja kwenye ujumbe wala uliyoipata kwa kutafuta mtandaoni. Matapeli wana namba zao za "huduma kwa wateja" na wanazitangaza vizuri kuliko benki.

Haraka hii ina sababu. Kwenye kadi ya mkopo, pesa iliyoibwa kwanza ni ya benki, na wewe unabishana nayo kuhusu deni. Kwenye kadi ya debiti pesa inatoka kwenye akaunti yako palepale, ile ile uliyoitegemea kwa kodi na ada ya shule. Hata kama mwishoni utarudishiwa yote, utakuwa umekaa siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, bila hiyo pesa.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la malalamiko ya kadi, na kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni hili: mtu anaomba kadi mpya, anapewa, anaondoka ameridhika. Wiki mbili baadaye amerudi, amekatwa tena, safari hii kwenye kadi mpya ambayo hata hajaitumia. Anaapa kwamba mwizi yuko ndani ya benki. Mara chache ni kweli. Mara nyingi ni kwamba kadi mpya hufunga mlango mmoja tu, na pesa yake ilikuwa inatokea mlango mwingine.

Kwa hiyo ukishazuia kadi, kazi ya kwanza ni kujua mlango.

Swali moja la kuuliza benki

"Muamala huu ulifanyika kwa njia gani?" Muulize hivyo hivyo anayepokea simu. Kila muamala wa kadi hubeba taarifa za namna ulivyofanyika: chipu ilisomwa, kadi ilipitishwa kwa utepe wa sumaku, ulikuwa wa kugusisha, namba ziliandikwa kwenye tovuti, au ni malipo ya kujirudia ambayo mfanyabiashara anajikatia mwenyewe. Anayepokea simu anaweza kuviona hivyo au kumuuliza anayeviona. Hutabahatika kila mara. Wengine watakujibu "mfumo unaonyesha umefanikiwa" na kunyamaza. Sisitiza kwa upole, au omba upelekwe kitengo cha kadi.

Ongeza swali la pili kama muamala ni wa mtandaoni: "Ulithibitishwa kwa OTP au haukuthibitishwa?" OTP ni ile namba ya kutumia mara moja unayotumiwa kwenye simu. Jibu la hili litaamua sehemu kubwa ya kesi yako, tutaliona mbele.

Uliza pia aina ya biashara. Kila mfanyabiashara amepewa namba ya tarakimu 4 inayoonyesha anauza nini: 5411 ni duka la vyakula, 5541 ni kituo cha mafuta, 6011 ni pesa taslimu kwenye ATM, 7995 ni kamari na ubashiri. Jina la ajabu likiambatana na 7995 nyumbani kwenye kijana wa miaka kumi na tisa, uchunguzi unaweza kuishia mezani kwenye chakula cha jioni.

Dalili: jina hulijui, ila kiasi kinakuletea hisia ya kukifahamu

Usiite polisi bado. Jina linalotokea kwenye taarifa ya akaunti ni lile mfanyabiashara alilosajiliwa nalo kwa benki yake, ambalo huenda ni la kampuni mama, la mmiliki, au la mji yaliko makao makuu. Duka lenye bango la rangi nne mlangoni linaweza kutokea kwenye taarifa yako kama herufi za kampuni usiyowahi kuisikia.

Tena kuna wapokeaji wa kati. Ukiona PAYPAL * au SQ * mwanzoni, huyo ni mpokeaji wa malipo tu, muuzaji halisi ni jina linalofuata baada ya nyota. GOOGLE * na APPLE.COM/BILL mara nyingi ni programu za simu, michezo au hifadhi ya mtandaoni, na maelezo kamili ya kilichonunuliwa yako ndani ya akaunti yako ya Google au Apple. Angalia huko kabla ya kulalamika. Angalia na simu za watoto. Mchezo wa bure una mlango wa kununua almasi, na kadi yako imehifadhiwa humo tangu siku uliyowalipia kitu kingine.

Tarehe nayo hudanganya. Ulilipa Ijumaa usiku, muamala ukaandikwa Jumatatu au Jumanne. Chukua kiasi, rudi nyuma siku nne, pitia barua pepe na risiti. Kwenye dawati letu, malalamiko mengi ya "jina silijui" yaliishia hapa, mteja akacheka kwa aibu na kuaga.

Dalili: umekatwa mara mbili, au kiasi si kile ulicholipa

Malipo ya kadi yana hatua mbili. Kwanza benki inatenga pesa, baadaye mfanyabiashara anapeleka madai na pesa inatoka kweli. Kwa siku moja au mbili programu inaweza kuonyesha vyote viwili, kilichotengwa na kilichotoka, na ukaona kama umelipa mara mbili. Soma maandishi madogo pembeni: kama kimojawapo kimeandikwa "inasubiri", kipe siku chache. Kikitoweka bila kuandikwa "marejesho", usishangae, kwa sababu hakikuwahi kutoka.

Vituo vya mafuta vya kujihudumia, hoteli na magari ya kukodi hutenga kiasi kikubwa kuliko bili kwa sababu hawajui utatumia kiasi gani. Kituo cha mafuta huachia haraka. Hoteli na magari ya kukodi huweza kushikilia pesa kwa wiki kadhaa. Huo si wizi, ila kwenye kadi ya debiti unauma kama wizi, maana pesa uliyo nayo ndiyo inayofungwa. Anayeweza kuiachia mapema ni mfanyabiashara. Mpigie yeye, aiandikie benki yako.

Tofauti ndogo kwenye malipo ya fedha ya kigeni hutokana na kiwango cha kubadilisha, ambacho mara nyingi huhesabiwa siku muamala unapokamilika wala si siku uliyonunua, pamoja na ada ya benki yako. Na kama mashine ilikuuliza ulipe kwa fedha ya kwenu au ya pale dukani, ukachagua ya kwenu kwa sababu inaeleweka, hapo ndipo ulipopigwa kwenye kiwango hicho, na kisheria umekubali.

Ikiwa miamala yote miwili imekamilika, kiasi ni kile kile, duka ni lile lile, na risiti unayo moja, basi kweli umekatwa mara mbili. Mara nyingi mhudumu alibonyeza tena baada ya mashine kukwama. Mwonyeshe muuzaji kwanza. Anaweza kurudisha kwa siku chache, wakati pingamizi unalolifungua kupitia benki huchukua wiki.

Dalili: kiasi kidogo mno, ambacho hata mwizi angeona aibu

Hiki ndicho kinachonitia hofu kuliko kikubwa. Watu hukipuuza kwa sababu ni senti.

Anayenunua namba za kadi zilizoibwa hajui zipi bado zinafanya kazi. Anazijaribu moja moja kwa kiasi kidogo, mara nyingi usiku, kwenye duka la mtandaoni lisilo na ukaguzi. Zinazokubali anazirudia kesho kwa kiasi kikubwa au anamuuzia mwingine.

Si lazima uwe umeibiwa namba. Tarakimu za mwanzo za kadi, 6 zamani na sasa 8, hutambulisha benki, na ya mwisho huhesabiwa kutokana na zilizotangulia kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyepewa hataza (haki ya uvumbuzi) yake mwaka 1960. Kanuni hiyo ilitungwa ili kunasa makosa ya kuandika, haina siri yoyote. Programu ya mwizi huzalisha namba zinazoipita kanuni hiyo, kisha hujaribu tarehe za kuisha na zile tarakimu 3 za nyuma, ambazo jumla yake ni michanganyiko 1,000 tu. Ndiyo maana kadi iliyokaa droo mwaka mzima nayo hukatwa.

Cha kufanya: usifungue tena kadi hiyo. Omba yenye namba mpya. Hapa kadi mpya inatibu kabisa.

Kuna kiasi kidogo kisicho na neno: ukisajili kadi kwenye huduma mpya, wengine hutenga senti chache kuhakikisha kadi ipo, kisha huziachia. Kama ulisajili kitu siku hiyo, ndicho hicho.

Dalili: kinakatwa kila mwezi, tarehe zilezile

Usajili. Ulijaribu bure siku saba, ukaweka kadi, siku ya nane ikaanza kukata. Au mtu mwingine aliweka kadi yako kwenye huduma yake, na sasa anatazama michezo kwa gharama yako.

Hapa ndipo wanaobadilisha kadi wanapoumia. Visa na Mastercard zina mfumo ambao benki yako ikitoa kadi mpya, namba yake na tarehe ya kuisha hupelekwa kwa wafanyabiashara ambao tayari wanakukata kila mwezi, ili malipo yasikatike. Uliwekwa kwa nia njema, usikose umeme au bima kwa sababu tu kadi imeisha muda. Lakini mfumo huo haujui kwamba usajili mmoja kati ya hiyo unauchukia. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiwaeleza wengine haya, nilibadilisha kadi ili kuikwepa huduma moja ya kuhifadhi picha iliyoficha kitufe cha kujitoa, na mwezi uliofuata ikanikata kama kawaida kwenye kadi iliyokuwa bado na harufu ya bahasha.

Hata kule kuzuia kadi kwa muda kwenye programu, kwa benki nyingi, hakuzuii malipo ya kujirudia. Kuna njia mbili zinazofaa, na ni vyema uzitumie zote. Jitoe kwa mfanyabiashara mwenyewe na uhifadhi picha ya skrini inayoonyesha tarehe ya kujitoa. Kisha iambie benki, kwa maandishi, kwamba umeondoa idhini kwa mfanyabiashara huyo na izuie malipo yake. Akikata tena baada ya hapo, kesi yako ni nyepesi: una tarehe, una picha, na yeye hana idhini.

Lakini usiandike "wizi" kwenye fomu kwa usajili ulioufungua mwenyewe. Mfanyabiashara ataleta barua pepe yako, anwani ya intaneti uliyoitumia na tarehe ulizoingia, na benki itafunga faili. Andika ukweli: nilijiunga, nikajitoa tarehe hii, wameendelea kukata.

Dalili: ununuzi wa mtandaoni, wa kiasi kikubwa, kadi unayo mkononi

Namba zako zimetoka mahali. Huenda uliziandika kwenye ukurasa bandia uliofuata kutoka kwenye ujumbe wa "mzigo wako umekwama, lipia ada ndogo". Huenda hukukosea popote. Mwaka 2018 tovuti ya British Airways ilipandikizwa msimbo ulionakili taarifa za kadi wakati wateja wanalipa. Walikuwa kwenye tovuti halali, kila kitu kikionekana sawa. Mwaka 2013 maduka ya Target nchini Marekani yalivuja data za kadi milioni 40 kupitia programu hasidi kwenye mashine za malipo. Usipoteze usingizi kutafuta ni wapi hasa. Mara nyingi hutajua.

Tafuta badala yake kama kulikuwa na OTP. Fungua ujumbe wa simu, rudi hadi dakika ya muamala. Kama hakuna, na benki inasema haukuthibitishwa, mzigo kwa kawaida humwangukia mfanyabiashara aliyeuza bila kuthibitisha, na benki yako haina sababu kubwa ya kukung'ang'ania. Kama OTP ilikuja na ikaandikwa mahali, swali litakuwa nani aliiandika. Je, ulimsomea mtu kwenye simu aliyejitambulisha kuwa ni wa benki? Kama ulimsomea, sema. Najua inauma. Lakini ukikana na rekodi zikaonyesha vingine, hata sehemu ya kesi uliyokuwa na haki nayo itatiliwa shaka.

Mengine ni ya haraka: badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nywila ya benki, kwa sababu aliye ndani ya barua pepe yako atapokea kila kiungo cha kubadilisha nywila nyingine. Futa kadi kwenye tovuti ulizoihifadhi. Omba kadi mpya.

Dalili: malipo ya kugusisha dukani, na kadi haijatoka kwako

Mteja mmoja alikuja na kadi yake ndani ya bahasha ya karatasi, kama kielelezo cha mahakamani. Miamala minne ya kugusisha, maduka manne, ndani ya saa mbili, mbali na alikokuwa. Alikuwa ameshashawishika kwamba mtu alipita karibu yake na mashine na kuvuta pesa kupitia suruali. Hadithi hiyo inapendwa sana. Kiufundi si muujiza, lakini anayefanya hivyo anahitaji mashine iliyosajiliwa kwa jina la mfanyabiashara na akaunti ya kupokelea, yaani anaacha anwani yake.

Tulipofungua rekodi, miamala haikutoka kwenye plastiki. Ilitoka kwenye simu. Siku tisa kabla yake alikuwa amepokea ujumbe wa OTP, na alikuwa bado nao. Aliusoma kwa sauti pale dawatini, akafika katikati akanyamaza. Ujumbe haukuwa wa kulipia kitu. Ulisema ni namba ya kuongeza kadi yake kwenye pochi ya simu, yaani programu ya kulipia kwa kugusisha simu badala ya kadi, na kwamba asimpe mtu. Alikuwa amempa "afisa wa benki" aliyekuwa anamsaidia kusimamisha muamala wa wizi ambao haukuwahi kuwepo.

Ukiongeza kadi kwenye simu, simu haihifadhi namba ya kadi. Inapewa namba mbadala, tokeni, inayofanya kazi kwenye simu hiyo peke yake. Tapeli akishaipata anazunguka madukani akigusisha simu yake kama yeye ndiye wewe, na wengine husubiri siku kadhaa makusudi ili usikumbuke ile simu uliyopokea. Mbaya zaidi, ukipewa kadi mpya, tokeni zilizopo zinaweza kuhamishiwa kwenye namba mpya zenyewe, kwa sababu ileile ya kutokusumbua mteja mwaminifu.

Kwa hiyo iambie benki maneno haya: "Nitajieni vifaa vyote ambavyo kadi yangu imeongezwa, na mfute tokeni zote." Programu nyingine za benki zinaonyesha orodha hiyo, tafuta sehemu ya pochi za simu au vifaa vilivyounganishwa. Ukiona simu ambayo si yako, umepata mlango. Fanya hivi kabla ya kadi mpya kutolewa.

Dalili: pesa imetolewa ATM

Tenganisha mambo mawili. Kama wewe ndiye uliyekuwa kwenye mashine, ikahesabu noti, ikakwama, na akaunti ikakatwa, huo si wizi. Mashine ina kumbukumbu yake ya kila noti, na ikihesabiwa pesa huonekana imezidi. Mara nyingi hurudi yenyewe. Ripoti hata hivyo, ukitaja saa kamili na mashine ipi, na kama ni ya benki nyingine bado unalalamika kwenye benki yako.

Kama hukuwepo, uliza: chipu ilisomwa au utepe wa sumaku? Utepe ni kama kaseti, data zake ni zilezile daima, na kifaa kinachobandikwa kwenye mdomo wa mashine kinaweza kuzinakili huku kamera ndogo ikichukua vidole vyako kwenye namba ya siri. Kadi bandia hutumika kwenye mashine ambazo bado zinakubali utepe. Rekodi ikisema utepe wakati kadi yako ina chipu, hiyo ni hoja yenye nguvu upande wako.

Rekodi ikisema chipu, na namba ya siri ikaingizwa sawasawa mara ya kwanza, mambo yanabadilika. Chipu hutengeneza saini mpya kwa kila muamala na kuinakili si kazi ya tapeli wa mtaani. Hapo benki itauliza nani mwingine anajua namba yako ya siri, na ni swali la haki hata likikera. Jibu mara nyingi linalala nyumba moja na wewe.

Ila kabla ya kumtazama mtu yeyote kwa jicho baya, toa kadi kwenye pochi usome jina lililo juu yake. Soma kweli. Kuna matapeli wanaosimama karibu na ATM, kadi inakwama, wanajitolea kusaidia, wanakurudishia kadi ya rangi ileile ya benki ileile, ya mtu mwingine aliyeibiwa jana. Namba yako ya siri walishaiona ukiiandika. Nimewahi kumpa mteja kioo cha kukuza, akasoma jina la mwanaume wakati yeye ni mama wa watoto watatu.

Omba picha za kamera zihifadhiwe mara moja, kwa maandishi. Kamera hurekodi juu ya rekodi za zamani, na baada ya muda hakuna cha kuangalia.

Dalili: simu ilipoteza mtandao, kisha pesa ikaanza kutoka

Laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu (SIM), na OTP zinaenda kwa mwizi. Azima simu ya mtu. Piga kampuni ya simu kwanza irudishe laini, benki dakika hiyohiyo ifunge kila kitu, pamoja na huduma ya benki kwa simu, si kadi peke yake.

Kufungua pingamizi

Simu inatosha kuzuia kadi, haitoshi kwa kesi. Andika. Toa tarehe, kiasi, jina lilivyotokea, lini uliona, lini uliripoti, na sentensi moja tu ya msingi. Ama "sikuidhinisha muamala huu", ama "niliuidhinisha lakini bidhaa haikufika", ama "niliondoa idhini tarehe fulani". Hizi ni kesi tatu tofauti na zina fomu tofauti. Anayezichanganya hurudishwa mwanzo.

Omba namba ya kesi, na kwa muamala uliokamilika omba namba ya marejeo ya mpokeaji, yenye tarakimu 23. Inaonekana haina maana, ila inaufuata muamala kutoka benki ya muuzaji hadi yako. Tarakimu ya 8 hadi ya 11 ni tarehe: 5072 ni mwaka unaoishia na 5, siku ya 72, yaani 13 Machi. Muuzaji akikuambia "tulisharudisha pesa", muombe namba kama hiyo ya marejesho hayo na uipe benki yako. Kama hana, hajarudisha.

Muda unakimbia. Kwenye kanuni za Visa na Mastercard, dirisha la benki yako kudai pesa kwa mfanyabiashara kwa kawaida ni siku 120. Sheria za nchi huweza kukupa zaidi au kukubana zaidi. Marekani, kadi ya debiti ikipotea au kuibwa na ukaripoti ndani ya siku 2 za kazi tangu ulipojua, hasara yako haizidi dola 50; ukichelewa inaweza kufika 500, na ukipitisha siku 60 tangu taarifa ya akaunti ilipotumwa, yanayotokea baada ya hapo yanaweza kuwa yako yote. Umoja wa Ulaya una miezi 13 ya kuripoti, hasara ya juu euro 50 kama hukuwa mzembe kupindukia, na benki hutakiwa kurudisha kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata isipokuwa ina shaka ya udanganyifu. Popote ulipo, ukiona na kunyamaza unajidhoofishia kesi.

Benki inaweza kukurudishia pesa kwa muda huku ikichunguza. Soma neno "kwa muda" vizuri. Mfanyabiashara akileta ushahidi, pesa hiyo huondolewa tena, na waliokwisha kuitumia hujikuta na salio chini ya sifuri. Iache ikae. Na kama wizi ulisababisha malipo yako mengine kukataliwa ukatozwa faini, dai faini hizo nazo kwenye barua ileile, hakuna atakayekukumbusha.

Ukikataliwa, omba ushahidi ulioletwa. Nimeona kesi iliyogeuka kwa sababu mteja aliona kwenye karatasi ya muuzaji kwamba mzigo ulipelekwa anwani ambayo hajawahi kuishi. Jibu kwa maandishi ndani ya siku ulizopewa, na kama benki imeshikilia msimamo, peleka kwa mamlaka inayosimamia mabenki ukiwa na faili kamili.

Katika wiki hizo za kusubiri, tarajia simu. Atapiga mtu mpole anayejua kwamba umeibiwa, pengine anajua hata kiasi, na atasema anaweza kuharakisha marejesho kwa ada ndogo au kwa OTP utakayoipokea sasa hivi. Orodha za walioibiwa huuzwa kama zinavyouzwa namba za kadi. Kata simu, geuza kadi, piga namba iliyo nyuma yake, uwatajie namba ya kesi na uwaulize kama kuna mtu wao aliyepangiwa kukupigia.